Njiti ya Jumamosi

Kusilimu kuna kitenzi. Kuokoka nako kuna chake,
tena chenye kipaza sauti, kule Chang'ombe, kila Alhamisi.
Hiki changu hakina.
Karani wa viapo, Bi. Mamoya, aliinua kalamu:
"Niandike umefanya nini, dada? Umehama? Umegeuka?"
Nikasema andika: anaomba.
Akagonga muhuri juu ya neno lenyewe, wino ukavuja.
Elfu kumi na tano, nakala mbili.

Bahasha ya kwanza niliituma kifuku cha mwaka juzi.
Serikali ya kule ina idara ya watu kama mimi,
ina dirisha, ina foleni, ina kamati ya pembeni
kwa wasio na pasi wala mume wa huko.
Walitaka cheti cha kuzaliwa.
Walitaka barua ya kanisa la Mvumi, kwamba Eunike, mimi, nimetoka;
mchungaji akaandika, akalia kidogo, akaandika vizuri.
Walitaka picha sita, kichwa wazi.
Kisha picha sita, kichwa kimefunikwa.
Kisha anwani ya jamii ninayosali nayo.
Jamii! Hapa Hombolo ni mimi,
redio iliyozimwa, na mbuzi asiyejua siku.

Majirani wamerahisisha: "Sechelela kawa Msabato."
Sijawasahihisha. Jumamosi hawaniazimi jembe.

Na hili sikuwaambia:
rabi anayenifundisha kwa simu, mtandao ukikubali,
alinionya nisiishike siku ile yote nzima.
Bado si yako, alisema. Hadi kamati ikupe.
Basi kila Jumamosi, jua likishaiva,
nakwaruza njiti moja ya kiberiti,
natazama inavyokunja shingo,
nazima.
Naivunja siku ninayoipenda, kwa ukubwa wa njiti,
ili nisiibe.

Zabibu nazo. Miaka kumi na minane nimezichuma,
najua kwa kidole gumba ipi ina sukari.
Divai yake nikiigusa leo, kwa sheria ile imeharibika.
Nikishagongewa muhuri, mkono huuhuu,
makovu hayahaya ya mkasi, itakuwa halali.
Nimeutazama sana mkono huu.

Kipengele cha kumi na moja: jina la baba.
Rabi akasema anayeingia huitwa binti Ibrahimu.
Baba, Madeje, mkulima wa mtama,
aliyeuza ng'ombe wawili nikasome Msalato,
akavua miwani.
"Ibrahimu huyo," akauliza, "ndiye aliyelipa ada?"
Sikuwa na jibu. Nikainjika chai.
Usiku akaja na fomu, ameikunja mara nne:
"Mwandike. Ila mimi niweke pembeni, kwa penseli."

Mahojiano yameahirishwa mara ya tatu.
Kuna mgomo, au sikukuu, au faili limelaliwa na faili.
Siku wakiniita, watakuwa watatu mezani na swali moja,
kwa nini,
na baada yake birika la maji ya mvua,
nizame yote, hata unywele usibaki juu.
Maji ya mvua! Kwetu sisi tunaoyahesabu kwa ndoo.
Lakini mji huu ulipewa jina kwa kuzama:
tembo alishuka kunywa, matope yakamshika,
watu wakasema idodomya, amezama.
Hakuna anayesimulia kama aliomba kibali.

Leo Ijumaa. Nimefagia. Chemli ina mafuta.
Penseli ya baba imeanza kufutika pale kwenye mkunjo,
nimeikoleza.
Kiberiti kina njiti tisa.