Zile Mia na Sitini

Mimi hupima mzigo, sipimi safari.
Ishirini na mbili, pita. Ishirini na sita,
kaa pembeni, toa kitu.
Leo aliyekaa pembeni ni Somoe Mnali wa Nanguruwe
na kiroba cha ming'oko kilichofungwa kwa kamba ya katani.
Binti yake kajifungua Mbagala juzi usiku,
kaletewa mtori, kaletewa uji wa pilipili manga,
vyote kavisukuma. Anataka ming'oko.

Kilo tatu zimezidi.
"Hizo ni za udongo, baba," ananiambia,
na ni kweli, hakuiosha,
anataka ifike na mchanga wake.

Kisha anauliza: ni mbali?

Miaka kumi na tisa naulizwa hilo mlangoni hapa.
Kwa barabara, mia tano na sitini.
Kwa angani, mia nne.
Saa moja na ushei, mama, hutamaliza hata usingizi.

Akahesabu kwa vidole, akarudia, akaniangalia.
"Na zile mia na sitini,
ndege inaziacha wapi?"

Foleni nzima ikacheka.
Mimi sikucheka, kwa kuwa najua zilipo.

Zipo Ndundu,
masika ya tisini na nane, kabla ya daraja.
Basi limezama mpaka ekseli,
kivuko kimelala ng'ambo,
muhogo wa kuchoma unauzwa kwa bei ya nyama
na sisi tunanunua.
Siku nne.
Mfukoni nina karatasi ya simu, imelowa,
wino umehamia kwenye shati:
MAHUTUTI, kinyumenyume, juu ya chuchu ya kushoto.
Nilipofika Temeke tanga lilikuwa limeshaanuliwa.
Dada Fatu alinionyesha kaburi
na mvua ilikuwa imeshalishusha,
halikuwa hata na kimo cha mtu aliyezikwa juzi.

Basi nikamwambia Somoe, rudisha kiroba mezani.
Kidole gumba cha mguu nacho kina kazi yake:
kikapenya chini ya bapa,
kikainua,
kikauma, lakini kikainua,
na nambari zikashuka taratibu
mpaka ishirini na tatu.
Mizani haisemi uongo. Pita, mama.

Saa nane kasorobo ndege ikanyanyuka
nami nikatoka zamu, nikapanda baiskeli
kwenda Naliendele, mnyororo ukachomoka mara mbili,
kile kilima nikakipanda nikiikokota.
Saa moja na ushei.
Nilipoiegemeza ukutani
yeye huko alikuwa anashuka ngazi
kashika mkoba kwa mikono miwili,
kiroba kinatafutwa tumboni mwa ndege.
Tumefika pamoja.

Mke wangu aliona nachechemea.
Kidole kimefanya nini hicho?
Kimebeba kilo tatu, nikasema.
Kutoka wapi?
Kutoka hapa mpaka Mbagala.