Mwanya

Moshi hii kila nembo ina mlima.
Mkate una mlima, maji yana mlima,
shule ya chekechea, duka la majeneza, bima,
hata kinyozi wa Njoro kauchora ubaoni kwake
na theluji yake kama povu la sabuni.

Basi Aikaruwa alipopanda ngazi zangu za Rindi Lane
na bakuli la mtori limefunikwa sahani
("Malipo ya awali. Kula kwanza, kabla hujaniambia haiwezekani"),
mimi nilikuwa nimeshamaliza:
A ya kwanza Kibo, A ya mwisho Mawenzi,
kofia nyeupe juu ya kila moja.
AIKA. Ndilo jina la mgahawa,
nusu ya jina lake, na ndilo neno
la kila mteja anayefuta mdomo akisogeza bakuli.

Akaitazama. Akageuza shingo, akaitazama tena.
"Mlima nauona bure kila asubuhi, mawingu yakipenda.
Wewe nimekulipa nione nini?"

Nikahangaika siku tatu.
Herufi nyembamba zikawa wagonjwa kwenye foleni.
Zenye vikia zikawa cheti cha ndoa.
Nikachora mwiko, nikaongeza chungu, nikaongeza mkungu,
mvuke wa mistari mitatu,
nikarundika hadi nembo ikawa kabati la vyombo.
Nikafuta.
Kufuta ndiyo kazi yenyewe, aliniambia mtu zamani;
kuchora ni kutafuta cha kufuta.

Siku ya nne nikaenda Kiboriloni, nikakaa benchi la nyuma
kama mteja asiyejulikana.
Mwuza vitunguu mmoja alikuwa anasimulia
jinsi mbuzi aliyemkopesha shemeji alivyorudi peke yake
na kamba ya mtu mwingine shingoni.
Aikaruwa akacheka, upawa hewani.

Ana mwanya.
Si pengo, pengo ni kitu kilichoondoka.
Mwanya haukupoteza kitu. Ni nafasi
iliyokuja na mwenyewe.

Nikaandika juu ya risiti, mafuta ya supu yakiingia kwenye wino:
I na K, fito mbili nene,
zimesimama kama meno mawili ya mbele,
na katikati yao hapana kitu.
Chini, mstari mmoja umepinda:
bakuli, au mdomo, au ndizi. Achague mwenye njaa.
Rangi nyeupe, juu ya wekundu wa ndani ya shavu.

Miaka tisa napima nafasi kati ya herufi
kwa namba, kwa jicho, kwa desturi.
Sikuwahi kuipima kwa mtu.

Nilipomwonyesha, mkono wake ulipanda mdomoni
haraka, kama mkono wa msichana wa darasa la nne
aliyewahi kuchekwa.
Ukakaa hapo.
Kisha ukashuka.
"Weka hiyo," akasema.

Bango tukampa fundi Ndewirwa wa Majengo,
mzee wa brashi, hasira na mkono usiotetemeka.
Jumamosi tukaenda kulichukua:
herufi nne zimebanana kama punje kwenye gunzi.
"Mchoro wenu ulikuwa na kosa," akasema,
"I imetoroka, imeiacha K.
Nimewarekebishia. Hiyo sidai."

Nikafungua mdomo nieleze: uwiano, pumzi, kusudi.
Maneno ya chuo yakapangana kooni.
Aikaruwa akanipita. Akamsogelea fundi
hadi karibu na kofia yake yenye rangi za miaka ishirini,
akacheka.

Fundi akatazama meno.
Akatazama bango.
Akatazama meno.

Hakuomba radhi, si mtu wa hivyo.
Alichovya tambara kwenye tina, akaifuta K yote,
akafumba jicho moja,
akanyoosha brashi wima mbele ya uso wake.

"Cheka tena, mama," akasema.
"Na usifunge mpaka nikuambie."