Wino Kwenye Kucha

Wino wa kura haukutoka kwa sabuni,
haukutoka kwa ndimu wala kwa mchanga wa pwani.
Umebaki kwenye kucha ya kidole kidogo,
ukili mwembamba, mweusi,
unapanda kila wiki kidogo kidogo.
Nimeuachia. Ndiyo kalenda yangu, Ngwali.

Siku ya mkutano, uwanja wa skuli ya Kangagani,
ulisimama juu ya meza ya mwalimu mkuu
(asubuhi yake tuliikuta imevunjika mguu)
ukasema: siku mia moja, maji mferejini.
Ukainua bilauri, ukanywa mbele yetu, taratibu,
nasi tukakupigia makofi
kwa kunywa maji.
Mimi nilikuwa safu ya mbele
nimelikalia dumu langu tupu.

Ninalo daftari.
Mjukuu wa Bi Mize aliliacha alipohamia Unguja,
mbele kuna hesabu zake za sehemu,
nyuma nimeandika zako,
za enzi ile ya uenyekiti wa Kamati ya Maji.
Nyumba mia na kumi na mbili, elfu tano kila nyumba.
Bi Mize hakuwa nazo, alilipa kuku wawili,
ukawapokea mwenyewe, miguu juu.
Mabomba yalikuja kwa gari la mchanga
yakalala nyuma ya msikiti
masika mawili, vuli mbili,
hata watoto wakayakata wakafanya bunduki.
Tangi likapandishwa juu ya nguzo nne.
Tangi lipo. Sisemi halipo.
Ukilipiga jiwe linaitika vizuri sana.

Lakini kuna ukurasa wa pili
na hapo kalamu inanizidi uzito.
Usiku mama aliposhindwa kuvuta pumzi
ni wewe uliyempeleka hospitali ya Wete,
mvua imeshika, taa moja ya gari imekufa,
na kila penye dimbwi ulishuka
ukalipima kwa miguu yako kwanza.
Nauli ukaikataa.
Mama aliishi miezi minane zaidi.
Hiyo niiandike safu gani, Ngwali?
Nijumlishe, nitoe, au niiache pembeni
kama ile baki ya hesabu
ambayo mwalimu hasemi iende wapi?

Basi sikukupigia kura kwa ile bilauri.
Nilikupigia kwa dimbwi.
Nikajiambia, aliyepima maji gizani kwa miguu yake
anajua neno lina kina gani.
Labda nilikosea.
Labda njia ni jambo moja na kiti ni jambo jengine.
Labda hukuwahi kuwa mwizi,
ulikuwa mtu wa kuanza tu,
na wa kuanza hukusanya michango sawa na mwizi.

Leo siku ya themanini na tatu.
Nasikia umehamia Chake,
nasikia geti limepakwa rangi mara mbili
maana ya kwanza haikukupendeza.
Za kusikia siandiki.
Naandika nilichokiona:
Jumanne alikuja fundi na mkanda,
akazipima nguzo za tangi,
akaandika kwenye kiganja, akaondoka.
Shamte wa dukani anasema huo ndio mwanzo.
Bi Mize anauliza habari za kuku wake.

Nami bado naamka saa kumi za usiku.
Kisimani ndoo ya kwanza ni tope,
ya pili ni tope lililochoka,
ya tatu naichuja kwa kanga uliyotugawia,
ile yenye jina lako pindoni.
Maji yanapita.
Jina linabaki na mchanga.
Nalikung'uta, nalianika,
kesho nalitumia tena.

Ukili mweusi umekaribia ncha.
Wembe ninao, mpya, haujatolewa karatasini.
Hapana, si kweli.
Kucha nyengine tisa nimeshazikata.