Taa ya Oili

Taa nyekundu yawaka, nimesimama taani,
Milwaukee yatetemeka, baridi i mifupani;
Nikikanyaga, hutoka, nikiacha, i machoni,
Laki mbili zimefika, maili kwenye injini.

Nikaibandika tepe, nisione wake moto,
Zamu yaisha kweupe, miguu yangu mizito;
Gari jipya nikalipe, wakila nini watoto?
Chini ya tepe, na kope, yawaka tu kama ndoto.

Kijiti nimekifuta: oili sawa kipimo,
Si uhaba wa mafuta, chini matone hayamo;
Akaja fundi Benita, glavu zake zina shimo,
Asema, "Taa huteta, pengine kweli haimo."

Swichi hutoa urongo, bei yake noti mbili;
Akainamisha shingo, kafunga geji ya kweli.
Penye baridi, maringo, sindano yapanda mbali,
Ikichemka, ni pengo: paundi nne, i chali.

Beringi zimeshaliwa, oili yapita bure,
Na taa niliyopewa nikaichezea shere.
Nusu yake ya kahawa kanipa, pasina kere;
Ufunguo nikatowa, nikaishika theluji.