Ufunguo wa Stoo

Siku ya tatu ya mafunzo, Chake,
mkufunzi katubandikia karatasi ukutani,
kubwa kama shuka la wodini,
kagawa kalamu za wino mnene:
"Chora kituo chako, na wewe ujichore ulipo."

Wenzangu wamejichora juu, vichwa vikubwa,
mishale inateremka kama mvua ya masika.
Daktari wa Mkoani kajichorea hata kiti.
Mimi mkono ulikwenda wenyewe:
nikachora mlango wa stoo,
na mtu amesimama mbele yake, shingoni ana ufunguo.

"Na huu nini, Bi Time?"
Nikasema, "Huo ndio uongozi wangu."
Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka,
cheko likanikwama kooni kama mwiba wa changu.

Maana nilimkumbuka Mize.

Ulikuwa msimu wa karafuu, Konde imejaa wachumaji,
mimi nimekwenda Wete kwa hitima ya shangazi,
na ufunguo nimeondoka nao, kwenye uzi mweusi,
kama hirizi ya mtoto.
Mize yuko zamu peke yake,
miezi saba tangu amalize skuli ya uuguzi.
Mzazi kaletwa kwa pikipiki. Mtoto katoka salama.
Damu ikakataa kukatika.
Sindano ya kukaza kizazi imo ndani ya friji,
friji imo ndani ya stoo,
stoo ina kufuli nililonunua kwa pesa zangu, zito,
baada ya kupotea panado, maboksi mawili.

Alinipigia mara kumi na moja.
Simu imo mkobani, mkoba umo chini ya kanga,
nasi tumo ndani ya Yasini.

Mlango hakuuvunja.
Aliniogopa mimi
kuliko alivyoiogopa damu.

Kakanda tumbo la mwanamke yule kwa mikono yake,
kakanda, kakanda,
hata Riziki mfagiaji akatoka uani na shoka la kuni.
Riziki hakumuuliza mtu.

Mzazi aliishi. Alhamdulillahi.
Asubuhi nikarudi, nikauona mlango,
na neno langu la mwanzo, Mola nisamehe,
si "mgonjwa yu hali gani?"
Nilisema: "Kufuli hili atalipa nani?"

Haya sikuyaeleza ukumbini.
Mkufunzi aliendelea: kukasimu madaraka,
viashiria, mpango kazi, mnyororo wa ugavi.
Niliandika yote, mwandiko mzuri.
Mchana tukapewa pilau na soda.
Ijumaa tukapewa cheti, pembeni kina rangi ya dhahabu,
tukapigwa picha, nami nimefumba macho.

Jumatatu nikapita kwa fundi wa funguo,
nikachonga mbili zaidi.
Mmoja nikampa Mize. Hakuupokea.
Kautazama kama mtu anayetazama mtego,
kaniuliza, "Nimekosa nini, Bibi?"
Hapo ndipo nilipokaa kitako mbele yake, kwenye benchi la wajawazito,
nikamwambia lile nililopaswa kumwambia
asubuhi ya kufuli.
Sikumwambia vizuri. Nilikuwa nikitazama miguu yangu.

Wa pili unaning'inia msumarini, chumba cha zamu,
na Riziki anauona kila anapofagia.
Sasa mikutano yetu naye anakaa,
na ndiye aliyetwambia
kwamba friji huzimika kila adhuhuri
pakipigwa pasi nyumba ya jirani.
Miaka minne nimetia saini daftari la joto.
Miaka minne, wala sikujua.

Panado? Zinapotea bado. Wiki jana, boksi moja.
Tumehesabu sote wanne, hatujamjua.

Jana, saa nane za usiku, nikiwa chumbani kwangu
nyuma ya kituo, nimesikia stoo inafunguliwa,
ndara za Mize zinakimbia, zinarudi,
kisha mlio wa kitoto kipya.
Miguu yangu ilishashuka kitandani.
Nikairudisha mmoja mmoja.
Katika mafunzo yote siku tano,
hakuna aliyenifundisha
namna ya kulala.