Bomba la Tatu

Saa kumi na mbili kasoro. Ukungu bado umeikalia Ruchugi.
Navua viatu, nakunja suruali hadi magotini,
mto unanipokea kwa baridi yake ya kila Alhamisi.

Mabomba manne ya chuma tuliyapigilia mwaka juzi
kwenye sakafu ya mto, kwa nyundo na matusi,
Ezironi akishika, mimi nikipiga,
na mwanamke mmoja ng'ambo akapaza sauti: Mnazika nini?

Hatuziki, mama. Tunatega sikio.

Maana mto si huu tu unaoonekana.
Chini ya changarawe kuna mwingine,
mwembamba, hauna haraka, hauna hata jina,
unapenya kati ya punje na punje
kama fununu msibani.
Humo maji ya mvua ya Kasulu
hukutana na maji yaliyolala ardhini
miaka ambayo hakuna aliyeihesabu.
Hupeana mikono gizani.
Kazi yangu ni kuijua hiyo mikono:
nani kampa nani, na kampa nini.

Nateremsha futi kamba niliyoipaka chaki.
Maji ya bomba yakisimama juu kuliko ya mto,
ardhi inatoa.
Yakiwa chini, ardhi inakunywa.
Navuta maji ya kwanza, nayamwaga:
hayo yamekaa na kutu usiku kucha,
ushahidi wao haupokelewi.
Ya pili ndiyo naulizia. Joto. Uchachu. Oksijeni.
Mwisho, chumvi.

Mtoni, mia mbili na kumi.
Bomba la kwanza, mia tisa.
La pili, elfu sita.
La tatu, elfu arobaini na moja,
na Ezironi hupiga mluzi kila mara, kana kwamba ni mara ya kwanza.

Tunasema mtu mzima amekula chumvi nyingi.
Basi hapa Uvinza mkubwa wetu ni ardhi,
na haina mazoea ya kusimulia.

Januari, mto ukiwa umefura,
bomba la tatu likasema: elfu kumi na nane.
Nikaosha kipimo. Nikakichovya kwenye chupa ya majaribio.
Kipimo kizima.
Nikarudia. Elfu kumi na nane.
Nikajiambia, ni masika, mto unasukuma chini,
subiri kiangazi.

Kiangazi kikaja. Changarawe zikatoka nje kujianika.
Futi kamba ikaonyesha ardhi inatoa, kama zamani.
Lakini inatoa nini?
Elfu kumi na tisa.

Simu kutoka ofisini Kigoma:
Kifaa hicho kimezeeka. Jaza wastani wa mwaka jana,
ripoti inatakiwa Ijumaa.

Nilikaa juu ya jiwe, miguu majini, penseli sikioni.

Leokadia Ntakije akapita na mzigo wa kuni.
Ndiye yule wa ng'ambo, aliyeuliza tunazika nini.
Huchota chemchemi ya juu kidogo, huchemsha nyuma ya nyumba
kwa masufuria mawili yaliyoungua matako.
Hakuniuliza namba. Alitua mzigo, akalalamika tu:
Debe moja lilikuwa linanipa vibaba vitatu.
Siku hizi kuni zilezile, moshi uleule,
kibaba na nusu.
Tangu lini?
Akafikiri. Tangu mwanangu aanze darasa la tano.

Januari.

Sijui nani anayachanganya huko chini.
Labda ufa umefunguka, labda kuna kisima kipya mahali,
labda ni hesabu ya ardhi yenyewe na haituhusu.
Sitaandika labda.

Nimeandika: bomba la tatu, elfu kumi na tisa,
limepimwa mara tatu.
Pembeni, kwa herufi ndogo:
L. Ntakije, debe moja, kibaba na nusu.
Kwa penseli, maana wino hukimbia ukilowa,
na mimi daftari langu hulowa.

Safu ya wastani nimeiacha wazi.
Ezironi ameshavaa viatu, ananiita.
Bado bomba la nne.