Tui Hajala

Nyumba yetu ya Kibokoni ina vyumba viwili,
cherehani moja, na wakaazi wanne wasiolipa kodi.
Sungura wawili: Tui, mweupe kama jina lake,
na Ufuta, aliyenyunyiziwa vidoa mgongoni.
Paka wawili: Karani, anayekagua kila mfuko uingiapo mlangoni,
na Shombo, ambaye sina haja ya kueleza kwa nini.

Watu huniuliza wanaishije pamoja.
Wanadhani paka ndiye mwenye nyumba.
Hawajamwona Ufuta akipiga sakafu kwa mguu, du!
na Karani, mwenye kucha kumi na nane,
akiondoka kwenye mkeka wake
kama mpangaji aliyeletewa barua.

Asubuhi ni mchicha. Mama Kadzo wa Marikiti
huniwekea majani ya karoti wengine wanayoyatupa,
hunifungia kwa gazeti, haniulizi tena
ni mgeni gani huyu ala majani kila siku.
Mchana ni vichwa vya samaki.
Katikati ni kazi: nashona makanzu,
na kila kanzu hutoka hapa na unyoya mmoja wa zawadi.
Bwana harusi mmoja alinirudishia lake:
"Fundi Twaiba, hili ni kanzu au ni paka?"
Nikamwambia ni baraka. Hakucheka.

Halafu ikaja ile wiki ya joto la kaskazi,
kuta zinatoa jasho, feni inazungusha moto uleule.
Nikagandisha maji chupani,
nikaiviringisha leso, nikaiweka sakafuni.
Ufuta akalala upande huu, Shombo upande ule,
chupa katikati kama mpaka wa nchi mbili
zilizochoka kupigana.
Tui hakuja.

Tui hajala. Nikamwekea kotmiri,
kotmiri, ambayo kwa ajili yake angeuza nyumba,
akageuza uso.
Afugaye sungura anaijua hofu hii:
tumbo lake ni kama cherehani,
gurudumu likisimama, basi.

Daktari wa Tudor akaniambia kwa simu:
maji kwa bomba la sindano, kidogo kidogo,
msugue tumbo, kisha ungojee choo.
Choo! Mimi niliyemlea mdogo wangu Swabri hadi akaoa,
sijapata kungojea kitu kwa moyo namna ile.

Saa nne, hakuna. Saa sita, hakuna.
Umeme ukakatika, kama kawaida yake.
Nikakaa gizani, Tui mapajani,
uzito wa pakiti ya unga na moyo unaokimbia,
nikimsugua kwa mviringo
kama mtu aliyeshika donge la mahamri
na anaogopa kulibonyeza.
Karani akaja, akaketi. Hakukagua kitu.
Shombo akaleta mende, nusu mzima,
akamweka karibu na pua ya mgonjwa,
akarudi nyuma kungoja shukrani.
Sungura wa ngano aliwahadaa simba na fisi;
huyu wangu hakuweza hata kumhadaa paka
kwamba ameshiba.

Adhana ya alfajiri haijesha
nikasikia kitu kwenye leso: tak.
Kisha tak, tak.
Nikapapasa. Punje, kavu, duara, kama pilipili manga.
"Amekunya!" nikapaza sauti. "Alhamdulillahi, amekunya!"
Dirisha la ng'ambo likafunguka. Uchochoro wetu
ni mwembamba, twapokezana chumvi bila kutoka.
Bi Mwanajabu, bado yu usingizini, akauliza:
"Hongera mwanangu. Mtoto wa nani?"
Nikafikiri kidogo.
"Wangu," nikasema.

Saa moja Tui alikula kotmiri.
Saa mbili alikula utepe wangu wa kupimia,
kuanzia sentimita ya kwanza hadi ya tisa.
Sijanunua mwingine.
Vifua vya watu sasa navipima kuanzia kumi,
halafu natoa.